Kutoka Nchi ya Mbao hadi Msikiti wa Matumbawe

Fundi yeyote wa Madaba akiingia katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani atatazama juu kabla ya kutazama popote pengine. Kwetu ni nchi ya mbao na tofali za kuchoma. Ukitoka Njombe kwenda Songea, Madaba iko karibu katikati ya njia, kwenye vilima vyenye ubaridi, mahindi na miti ya kupandwa. Shamba la miti la Serikali la Wino liko ndani ya halmashauri yetu. Mtoto anakua akiona magogo yakipasuliwa, kenchi zikipigwa misumari na bati likipandishwa. Nyumba, kwa mtu wa Madaba, huanza na swali la paa: litashikwa na nini, na litadumu miaka mingapi?

Msikiti wa Kilwa umelijibu swali hilo zaidi ya mara moja, kila kizazi kwa namna yake, tangu karne ya 11 au ya 12 hadi karne ya 15. Paa za mwanzo zimekwenda. Nyingine zimeanguka na kujengwa upya. Nyingine ziko juu hadi leo, na mvua ya masika inazipiga kama ilivyozipiga enzi za masultani. Kwa sababu hiyo niliiacha milima na kushuka kwenda pwani kuliona jengo lenyewe.

Njia ya kwenda huko siku hizi ni ya lami. Kutoka Madaba basi linashuka hadi Songea, mji ambao una Makumbusho ya Majimaji na kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kutoka Songea barabara inaelekea mashariki: Namtumbo, kisha misitu mirefu ya miombo, kisha Tunduru, ambako misikiti inaanza kuonekana kila baada ya kijiji na kofia za viua zinazidi kwenye vituo vya mabasi. Mbele ni Mangaka, Masasi, Ndanda, Mingoyo. Hapo hewa inakuwa nzito na yenye chumvi. Lindi unaiona bahari. Ukigeukia kaskazini unavuka mto Mbwemkuru, unafika Nangurukuru, halafu unakata kulia kuelekea Kilwa Masoko.

Abiria wa leo anapita, kwa sehemu kubwa, upande ule ule waliopita watu wa zamani kwa miguu. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitembea kutoka Tete, kwenye mto Zambezi, hadi Kilwa, akavuka mto Ruvuma njiani. Hakufungua njia mpya. Alifuata watu waliokwisha kuijua. Wayao walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na chumvi. Katika karne ya 18 na ya 19 njia hiyo hiyo ilibeba watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi wa waliouzwa katika bandari za Kilwa walitoka bara, pande za Ziwa Nyasa na Ruvuma. Mtu wa kwetu anayekwenda Kilwa hana budi kulijua hilo. Historia ya Kilwa si ya watu wa pwani peke yao. Babu zetu wamo, wengine kama wachuuzi, wengine kama mizigo.

Lakini msikiti ni wa kale kuliko mkataba wa Morice kwa miaka mia sita au zaidi.

Kilwa Masoko ni mji mdogo wa makao makuu ya wilaya. Mgeni anachukua kibali kwanza, analipia, anapewa mwongoza wageni, halafu wanateremka bandarini kupanda mashua. Mkondo wa bahari kati ya bara na kisiwa si mpana. Upepo ukiwa mzuri tanga linafunguliwa. Ukikataa, injini ndogo inawashwa. Nahodha niliyepanda naye alikuwa mtu mzima, na baada ya "shikamoo" na "marahaba" aliuliza natoka wapi. Nilipomtajia Songea alitikisa kichwa kwa heshima. "Mbali huko," alisema, "lakini watu wenu wamefika hapa tangu zamani."

Jengo la kwanza kuonekana ukikaribia ni Gereza, ngome iliyo ufukweni. Wareno waliweka ngome mahali hapo mwaka 1505, na jengo linaloonekana sasa kwa sehemu kubwa ni kazi ya enzi ya Waomani. Kutoka hapo njia ya mchanga inapita kati ya mibuyu na nyumba za kijiji. Kilwa Kisiwani ina wakazi wake, wavuvi na wakulima, na mbuzi wao wanalala kivulini mwa kuta ambazo vitabu vya dunia nzima vinazitaja. Baada ya mwendo mfupi, msikiti uko mbele yako.

Una sehemu mbili, na mgeni asiyeambiwa anaweza kuzichukulia kuwa kitu kimoja. Sehemu ya kaskazini ni ndogo na haina paa. Sehemu ya kusini ni kubwa mara kadhaa, ina msitu wa nguzo zenye pande nane, na juu yake kuna kuba na matao ambayo baadhi yangali mazima. Kaskazini ndiko kwenye kibla, kwa kuwa kutoka pwani yetu Makka iko upande huo. Kwa hiyo jengo limekua kinyumenyume: waumini wa kwanza walijenga mbele, na vizazi vilivyofuata viliongeza nyuma.

Mengi tunayoyajua juu ya umri wa sehemu hizo yametokana na kazi ya Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake katika vitabu viwili vikubwa mwaka 1974. Ukumbi wa kaskazini aliuweka katika karne ya 11 au ya 12, na kuna dalili za msikiti wa kale zaidi chini yake. Ulikuwa na nguzo 9, tatu kwa tatu, zilizougawa ukumbi katika sehemu 16. Nguzo zilichongwa pande nyingi, na katika maisha marefu ya ukumbi huo zilitumika za matumbawe na za mbao. Paa lilikuwa bapa: boriti juu ya nguzo, mawe membamba juu ya boriti, na chokaa nzito juu ya mawe, iliyopondwapondwa hadi ikashikana.

Ukumbi huo ulifunikwa wote, na jambo hilo si dogo. Misikiti mikuu ya zama zile katika nchi nyingine, kama ule wa Kairouan nchini Tunisia au wa Córdoba huko Hispania, ina ua mpana ulio wazi mbele ya ukumbi wa sala. Kilwa haikuwa na ua wa namna hiyo. Mvua za pwani yetu ni nyingi na jua ni kali. Waliojenga waliifuata hali ya hewa ya kwao, si picha ya mahali pengine. Hawakujenga mnara pia. Misikiti ya kale ya Waswahili, isipokuwa michache, haina minara. Mwadhini alipanda ngazi hadi juu ya paa au alisimama mlangoni, na sauti yake ilitosha mji.

Kilwa haikuwa ya kwanza. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo, midogo, ya watu wachache. Ikafuata mingine ya mbao, kila mmoja ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, hadi ukaja wa mawe. Kibla cha ile ya mwanzo hakikuelekea sawasawa, na vizazi vya baadaye vikakirekebisha. Yaani Uislamu wa pwani haukuteremka na jahazi moja ukiwa na msikiti wake wa mawe tayari. Ulianza ndani ya kibanda cha miti, jirani na nyumba nyingine za miti, ukakua pamoja na mji.

Unguja nako kuna ushahidi ulioandikwa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe kandokando ya mihrabu, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Yanamtaja Sheikh al-Sayyid Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi. Kuta zinazouzunguka mihrabu huo zilijengwa upya katika karne ya 18, lakini watu wa Kizimkazi waliyahifadhi maandishi ya wazee wao na kuyaweka mahali pake. Sala zinaendelea humo hadi leo, chini ya paa la bati.

Nani basi alijenga Kilwa? Tarikh ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliifupisha katika kitabu chake cha mwaka 1552 na ambayo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London, inamsimulia Ali bin al-Hasan aliyekuja kutoka Shirazi, Uajemi, na kukinunua kisiwa kwa nguo nyingi za kutosha kukizunguka. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliichukua hadithi hiyo kuwa na maana kwamba kila jiwe lililochongwa vizuri pwani lilichongwa na mgeni. Wengine waliikataa yote kuwa ngano tupu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Mifupa ilionyesha mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000: asili ya Kiafrika ikitoka hasa kwa akina mama, na asili ya Kiajemi ikitoka hasa kwa akina baba. Hadithi ya wazee ilikuwa na kweli ndani yake, na mji ulikuwa wa Waafrika tangu msingi.

Mawe yanasema hivyo hivyo. Hakuna kitu katika msikiti huu kilicholetwa kwa meli isipokuwa vyombo vya mapambo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, magumu na yenye matundu, yasiyochongeka vizuri. Ndiyo maana yalipangwa ovyo ovyo na kufunikwa kwa lipu. Kwa kazi laini, kama mihrabu, miimo ya milango na nguzo, mafundi walizamia baharini na kukata matumbawe hai. Yakitoka majini ni laini kiasi cha kuchongwa kwa chombo chepesi. Yakikaa hewani yanakauka na kuwa magumu. Fundi alikuwa na muda wake wa kuchora nakshi, na muda huo ukipita jiwe halimsikilizi tena.

Chokaa nayo ilitoka baharini. Matumbawe yaliyovunjwavunjwa yalipangwa juu ya tanuri la magogo, moto ukawaka, na kilichobaki baada ya moto kikamwagiwa maji na kuachwa kikae hadi kiive. Kuni nyingi sana zilihitajika, na mtu wa Madaba aliyezoea kuchoma tofali analielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Boriti zilikuwa za mikoko. Mti huo ni mzito, haupendwi na mchwa, na unavumilia chumvi. Ila una kasoro moja: haufai kuvuka upana mkubwa. Boriti ya mkoko inavuka vizuri kama mita 2 na nusu hadi 3, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Ukitaka ukumbi mpana zaidi, ongeza nguzo katikati. Ukiongeza nguzo, unapunguza nafasi ya safu za waumini. Huko kwetu Wino misonobari inapasuliwa kwa urefu fundi autakao na kenchi inavuka darasa zima. Fundi wa Kilwa hakuwa na msonobari. Alikuwa na mkoko, matumbawe na chokaa, na mji uliokuwa ukijaa watu kila mwaka.

Ujazo huo ulitokana na dhahabu. Ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji, na kutoka Sofala ikapanda kaskazini kwa majahazi. Mwanzoni Mogadishu ndiyo iliyotawala biashara hiyo. Baadaye Kilwa ikaishika. Sarafu za shaba za masultani wake zilizunguka mbali: moja, ya al-Hasan bin Sulaiman, imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Pamoja na dhahabu zilikwenda pembe za ndovu, na ndovu hawakuishi kisiwani. Waliishi katika misitu kama ile ambayo basi linaivuka kati ya Namtumbo na Tunduru.

Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, ndiye mtu mkuu wa hadithi ya msikiti huu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta akitawala. Aliandika kwamba mji ni mzuri sana na nyumba zake ni za mbao, kwamba watu wake ni wacha Mungu wafuatao madhehebu ya Shafi, na kwamba sultani aliketi pamoja na mafukara na kula nao. Sultani huyo huyo alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye birika la kuogea la pande nane. Na wakati huo huo, mwanzoni mwa karne ya 14, msikiti uliongezwa kusini.

Hapo ndipo mafundi walipoacha boriti. Ukumbi mpya uliezekwa kwa kuba na matao ya mawe na chokaa, yaliyobebwa na nguzo zilizochongwa kila moja kutoka jiwe moja la tumbawe. Upande wa kusini-mashariki palijengwa chumba chenye kuba lake peke yake, linalohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyojengwa pwani hii kabla ya karne ya 19. Kazi hiyo inahitaji ujuzi ambao paa bapa haliuhitaji. Boriti hukaa juu ya nguzo na kuisukuma chini tu. Tao husukuma chini na pembeni kwa wakati mmoja. Nguzo iliyo nyembamba inaweza kubeba uzito na bado ikashindwa na msukumo wa ubavuni. Tena tao halisimami mpaka jiwe la mwisho liwekwe, kwa hiyo lazima pawe na mbao za kulishikilia toka chini hadi chokaa ikauke, na chokaa ya matumbawe haikauki kwa siku mbili. Ndani ya kila kuba la mawe kulikuwa na kazi kubwa ya seremala ambayo hakuna anayeiona leo.

Kisha paa likaanguka.

Tarikh ya Kilwa inasimulia kuwa msikiti uliporomoka na ukakaa muda mrefu katika hali hiyo. Mji tajiri kuliko yote ya pwani ulikuwa na msikiti wa Ijumaa uliobomoka. Ulijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad. Tofauti iko wazi kwa mtu anayezipima nguzo kwa macho: mahali pa nguzo za jiwe moja mafundi waliweka nguzo nene za pande nane, zilizojengwa kwa mawe mengi madogo yaliyofungwa kwa chokaa. Hazina uzuri ule wa jiwe moja lililochongwa. Zina unene, na nyingi kati yake zimesimama kwa karibu miaka 600.

Nilizunguka kati ya nguzo hizo kwa muda mrefu kuliko alivyotaraji mwongoza wageni wangu. Ukisimama katikati ukatazama upande wowote, matao yanafuatana, moja ndani ya jingine, na mwanga unaingia kwa vipande pale ambapo kuba limefunguka. Kwenye baadhi ya sehemu lipu ya zamani ingali inang'aa kidogo. Nje, mahali pa kutawadhia, pana visima na birika, na mawe ya mviringo ya kusugulia miguu yaliyolainika kwa nyayo za watu. Kati ya vyote vilivyomo Kilwa, hayo mawe ya miguu yalinigusa zaidi. Nguzo ni kazi ya mafundi na amri ya masultani. Ulaini wa mawe haya ni kazi ya kila mtu aliyekuja kuswali, tajiri na mvuvi.

Hatua chache kutoka hapo uko Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, na huo ni mzima kuliko mkubwa. Una sehemu 9, baadhi zimefunikwa kwa kuba na baadhi kwa matao marefu, na juu ya kuba la kati imesimamishwa nguzo fupi ya pande nane kama taji. Mafundi waliingiza mabakuli ya kigeni yenye rangi ndani ya chokaa ya dari, uso ukiangalia chini, ili mwenye kuinua macho aone rangi. Mengi yametoka au kuibwa, lakini mashimo yake ya duara yamebaki. Ukiutoka Msikiti Mkuu ukaingia huu, unaona watu waliokwisha kuelewa matao yanataka nini. Jengo ni dogo, nguzo zake zimekaribiana, kuta zake ni nene, na limekaa.

Anguko la mji lilikuja kutoka baharini. Mwaka 1502 Vasco da Gama alilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliteremsha askari, akauteka mji na kuupora. Wareno hawakukaa miaka mingi, ila biashara ya Sofala ilikuwa imekwisha kukatwa, na bila dhahabu mji mkubwa haukuwa na cha kuulisha. Kilwa iliinuka tena kidogo katika karne ya 18 kwa biashara ya pembe na ya watu, halafu uzito ukahamia Kilwa Kivinje, bara. Hapo Kivinje ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Vita ya Majimaji kuanza katika vilima vya Umatumbi, hapo hapo wilayani Kilwa, na kufika hadi Songea. Mnyororo mmoja unaziunganisha Kilwa na Ruvuma hata katika hilo.

UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini: mawimbi yalikuwa yakila ufukwe, mizizi ilipasua kuta, na mvua iliingia kwenye paa zilizofunguka. Baadaye fedha zilitoka Ufaransa, Japani na Marekani, na kazi ikafanyika. Mikoko ilipandwa kuzuia mmomonyoko, kuta za kukinga mawimbi zikajengwa, na mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha ya hatari. Leo msimamizi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Katika ukarabati kama huo saruji ni adui. Ni ngumu kuliko matumbawe, inafunga maji na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya miaka michache jiwe la kale linamomonyoka huku kiraka kipya kikibaki. Kwa hiyo inatakiwa chokaa, ile ile ya matanuri ya magogo, na wanaoijua zaidi ni watu wa pwani wenyewe. Ujuzi wa kuhifadhi msikiti wa karne ya 11 au ya 12 uko mikononi mwa mafundi walio hai, na hao wanahitaji kazi ya kudumu, si ya mradi unaofika na kuondoka. Wakikosa kazi vijana wao hawatajifunza, na paa likianguka tena hatakuwapo wa kulirudisha.

Nina ombi kwa walimu na viongozi wa kwetu. Wanafunzi wa Madaba hupelekwa Songea kuona Makumbusho ya Majimaji, na ni vizuri. Barabara haiishii hapo. Kutoka Songea hadi Kilwa Masoko ni lami, kivuko ni kifupi, na kiingilio cha Mtanzania si kikubwa kulinganisha na anachotozwa mgeni wa nje. Mtoto wa Mahanje au Gumbiro anayejifunza darasani kuhusu Kilwa, Sofala na dhahabu anapaswa kuona kwa macho mali ya bara ilijenga nini. Na wasiende wanafunzi peke yao. Waende pia maseremala wa Wino na waashi wa Mkongotema, wabebe futi zao, wapime upana wa ukumbi wa kaskazini na unene wa nguzo za kusini, kisha wabishane wenyewe ndani ya mashua, wakati wa kurudi, ni kizazi kipi kilichojenga vizuri zaidi.